Kabla Hujatuma Pesa, Uliza Mama ya Huyo Mbwa Yuko Wapi

Kuna swali moja wauzaji wengi wa mbwa wa mtandaoni hawalipendi kabisa, na ndilo nimewaambia watu wote wa kwetu waulize kabla hata ya kuuliza bei: mama yake yuko wapi, na naweza kuja kumuona? Si picha, si video, yeye mwenyewe, watoto wakiwa wananyonya. Muuzaji mwenye nia safi atakwambia njoo Jumamosi, ukifika kwa geti piga simu. Yule mwingine utaona ameanza hadithi, ati mama ni mkali, ati mama yuko kwa shamba la bro yake Nakuru, ati kuna ugonjwa umeingia estate kwa hivyo wageni hawaruhusiwi, alafu mwisho wa yote anakwambia wewe tuma dipoziti tukutane petrol stesheni nikuletee.

Binamu yangu alikutana na mmoja wa hawa kando ya Mombasa Road. Japanese Spitz, mweupe, posti ilisema ana wiki nane, amechanjwa, ametolewa minyoo, Sh20,000 na bei inaongeleka. Alitolewa kwa buti ya gari akiwa ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia. Nilimuona jioni hiyo hiyo. Manyoya ya tumboni na ya miguuni yalikuwa yamegeuka njano, ile njano ya mbwa anayelala kwa mkojo wake kila siku, na hata baada ya kupanguswa na kitambaa cha maji moto ile harufu haikuisha. Tumbo limefura, mbavu zinahesabika. Nikafungua mdomo nikaangalia meno, kwa sababu mtoto wa mbwa wa wiki nane huwa meno yake ya utoto yametoka yote, huyu ya nyuma ndio yalikuwa yanachungulia kwa fizi. Daktari wa mifugo alipomwona akasema huyu hafiki wiki sita. Kadi ya chanjo ilikuwa imeandikwa na biro, tarehe tatu zote mwandiko mmoja na wino mmoja, hakuna stika ya chupa ya dawa, hakuna namba ya bachi, hakuna muhuri wa daktari.

Siku chache tu akaanza kutapika, kisha kuhara damu, na mtu yeyote aliyewahi kunusa parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa, anajua hiyo harufu haichanganyiki na kitu kingine. Aliwekwa dripu na akakufa akiwa kwa dripu. Watoto wa binamu yangu walikuwa wameshampa jina.

Sasa sikiliza hapa kwa sababu hii ndio wauzaji wanakwepa. Parvo kutoka mbwa aambukizwe mpaka dalili zionekane huchukua kama siku tatu mpaka saba, mara nyingine kidogo zaidi. Muuzaji alipopigiwa simu alisema ni nyinyi mmemwambukiza hapo kwenu, lakini nyumba ile haikuwa imewahi kufuga mbwa, na mahesabu ya siku yanaonyesha uwezekano mkubwa kabisa ni kwamba alitoka nayo huko huko. Na kama alitoka nayo huko basi wenzake wa tumbo moja huenda pia walikuwa wanaugua, na sakafu waliyolala imejaa hicho kirusi, na kirusi cha parvo kinaweza kukaa mahali miezi na miezi, sabuni ya kawaida haikiui, mpaka Jik na muda. Kwa hivyo watoto wa uzao unaofuata wanazaliwa juu ya ugonjwa. Na posti ya wiki iliyofuata ikasema tena, wamechanjwa, wametolewa minyoo, karibuni.

Hapo ndipo nilianza kufuatilia. Nilirudi nyuma kwa posti za huyo mtu, na za akaunti zingine zilizotumia namba zinazofanana, na kitu cha kwanza kilichonigonga ni sakafu. Simiti nyekundu yenye ufa unaopinda karibu na mlango, na beseni la bluu lililokatika ukingo. Sakafu hiyo hiyo ilikuwa na watoto wa Spitz, wa Maltese, wa German Shepherd, wa Rottweiler, majina ya wauzaji tofauti, mmoja anajiita mama anayehama nchi, mwingine mwanafunzi anayeuza kwa sababu ya fee. Sakafu moja.

Alafu fanya hesabu. Mbwa jike hubeba mimba kama siku 63, ananyonyesha wiki kadhaa, na kwa kawaida hupata joto, yaani ule wakati wa kukubali dume, karibu kila miezi sita, kwa hivyo hata ukimzalisha bila huruma kila joto, unapata uzao mara mbili kwa mwaka. Maltese ni mbwa mdogo, mara nyingi anazaa wawili, watatu, wanne. Mtu akiweka watoto wanane wa Maltese wa umri mmoja, na mwezi unaofuata tena wengine, na hapo katikati ana Spitz na Rottweiler, basi huyo si mtu ambaye mbwa wake wa nyumbani alizaa kwa bahati, huyo ana majike wengi mahali na hataki uwaone. Uzuri wa hii hesabu ni kwamba huhitaji kutoka kwa nyumba yako kuifanya, posti zake zenyewe zinamshitaki.

Mahali penyewe nilipajua kupitia kijana wa boda ambaye alikuwa amepelekea watu mizigo kutoka hapo, hakutaka mambo mengi ila alisema, "Boss, hao mbwa hata mimi huwa nawahurumia." Ni ploti upande wa Kiambu, sitasema zaidi ya hapo na nitaeleza kwa nini. Mama anayeuza mboga mkabala na geti alinikaribisha kwa kiti, nikamwamkia, nikanunua sukuma, tukaongea ya mvua kwanza. Nilipomuuliza kama mbwa wa hapo huwa wanasumbua akaniambia, "Mtoto wangu, usiku wanalia, na kukiwa na jua hiyo harufu hata wateja wanahama." Jirani wa gorofani akaniruhusu nisimame kwa balkoni yake.

Vizimba vilikuwa vya mabati na waya wa weldmesh, vimepangwa viwili viwili, cha juu juu ya cha chini, kwa hivyo mkojo wa juu unamwagikia wa chini. Turubai upande mmoja tu. Maji yalikuwa kwa jerikeni la lita tano lililokatwa katikati, yamefanya ukijani. Jike mmoja wa German Shepherd alikuwa amesimama, na nasema amesimama kwa sababu hakuwa na nafasi ya kugeuka vizuri, matiti yamelegea mpaka karibu yaguse waya, kucha zimekua zikapinda na moja imeingia kwa nyama ya kidole. Mgongo wake ulikuwa na madoa hayana manyoya. Mbwa akiona mtu wa juu hubweka, si ndio? Huyo alinitazama tu kisha akarudisha kichwa chini. Nilipiga picha kutoka hapo kwa balkoni, na sikuruka ukuta wala kusukuma geti la mtu, na nakuomba na wewe usifanye hivyo hata roho ikikuuma vipi, kwa sababu ukishikwa ndani ya ploti ya watu kesi inageuka inakuwa yako.

Sasa tuje kwa sheria maana wengi wanadhani Kenya haina. Iko. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, imekuwepo tangu miaka ya sitini, na haizungumzii kupiga tu. Kumnyima mnyama chakula au maji ni kosa, kumfungia mahali padogo ni kosa, kumwacha bila matibabu akiwa mgonjwa au ameumia ni kosa. Yaani kila kitu nilichokiona kutoka kwa ile balkoni kimo. Shida ni adhabu. Faini ya juu kabisa ya ukatili ni Sh3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Shilingi elfu tatu! Mtoto mmoja tu wa Spitz analipa hiyo faini mara kadhaa na chenji inabaki. Hii inanikasirisha na sitajifanya hainikasirishi. Ila usikate tamaa hapo, kwa sababu mtu akipatikana na hatia korti inaweza pia kumnyang'anya mnyama, na kwa muuza mbwa kunyang'anywa majike ndio kupoteza kiwanda.

Na jambo lingine ambalo watu wa kaunti wenyewe wakati mwingine wanasahau: Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa, mikononi mwa kaunti. Imeandikwa hivyo hivyo. Kwa hivyo ukiambiwa kwa ofisi ya kaunti kwamba mambo ya mbwa nenda kwa polisi, jibu kwa heshima kwamba polisi utaenda lakini hii pia ni kazi yenu, na uombe kuonana na daktari wa mifugo wa kaunti ndogo.

Polisi nilienda, stesheni sitaitaja. Afisa kwa kaunta aliuliza, "Umesema mbwa?" na wenzake wawili wakacheka. Watu waliibiwa, watu wamepigwa, na wewe umekuja na mbwa. Naelewa jinsi inavyoonekana kutoka upande ule wa kaunta. Lakini kuna namna mbili za kuripoti hiki kitu, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama utaandikiwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, au utaambiwa rudi kesho. Ukisema "afande kuna jamaa anatesa mbwa", umetoa maoni. Ukisema "afande nataka kuripoti kosa chini ya Sura ya 360, mahali ni hapa, geti ni la rangi hii, nimeona tarehe hii saa hii, jike mmoja ana kidonda wazi hajatibiwa, maji yamefanya ukijani, hizi ni picha, huyu ni jirani yuko tayari kuandika taarifa", umetoa kazi inayoweza kufanywa. Yule yule afisa aliyecheka ndiye aliyefungua kitabu akaandika. Namba ya OB ni haki yako na hailipiwi, usitoke bila hiyo, maana bila OB wewe hukuwahi kuripoti, ulipita tu.

KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama, wale wa Karen, Langata Road, wanapokea ripoti za ukatili na kwenda kuangalia, na wao hawatakucheka. Hiki ni chama ambacho mizizi yake inarudi nyuma hadi 1910, kinategemea michango, magari machache na kazi nyingi. Kwa hivyo warahisishie. Usiwatumie voisi noti ya dakika kumi ya kulia, najua unataka kulia lakini hiyo andikia rafiki yako. Andika kwa mpangilio ulichokiona kwa macho yako, kisha ulichoambiwa na nani, kisha unachoshuku, na usivichanganye. Mimi sikuona mbwa akipigwa, kwa hivyo sikuandika anapigwa, hata kama jirani alisema. Nikaandika jirani amesema. Mtu akikuta sehemu moja ya ripoti imetiwa chumvi, hata ile ya kweli inakosa nguvu.

Na ushahidi wa mtandaoni uchukue siku hiyo hiyo. Posti hufutwa dakika moja baada ya muuzaji kushuku. Skrinshoti ya posti nzima ionekane tarehe na jina la akaunti, linki yenyewe, namba ya simu, na kama mtu alishalipa basi meseji ya M-Pesa maana ile inaonyesha jina ambalo laini imesajiliwa, na mara nyingi sio lile jina la mama anayehama nchi. Picha zile za sakafu moja nilizipanga pamoja kwa ukurasa mmoja, tarehe kando ya kila picha, na daktari wa mifugo wa kaunti ndogo alikaa na huo ukurasa muda mrefu kuliko barua yangu yote. Kadi ya chanjo pia, hata kama mtoto alikufa, usiitupe. Kama kuna jina la daktari kwenye kadi linaweza kuulizwa kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya kama kweli amesajiliwa. Na kama una ripoti ya daktari aliyemtibu, hiyo ndiyo karatasi nzito kuliko zote, kwa hivyo mwambie aandike umri aliokadiria, hali aliyomkuta nayo, na chanzo cha kifo.

Wengi waliniuliza kwa nini nisimwanike tu Facebook, picha, namba, lokesheni, watu wamshughulikie. Sababu ni mbili. Moja, ile Sheria ya 2018 ya makosa ya mtandaoni inaweza kukurudia wewe, hasa kama kuna kitu kimoja umekosea. Pili, na hii ndio kubwa, ukimwanika usiku huo huo pickup inakuja na mbwa wanahamishwa, na afisa akifika anakuta vizimba vimeoshwa na jamaa anasema mimi nilikuwa nafuga kuku. Wewe umepata likes na wale majike wako mahali ambapo hakuna jirani mwenye balkoni.

Na tafadhali, tafadhali, usimnunue "kumwokoa". Hii ndiyo naisema kila mahali na watu wananiona sina moyo. Unakutana na yule mdogo kwa katoni, anatetemeka, macho yana tongo, unasema nikimwacha atakufa. Pengine ni kweli. Lakini zile elfu ishirini ndizo zinanunua mfuko unaofuata wa unga, ndizo zinamwambia jamaa kwamba mgonjwa pia anauzika, na zinamrudisha yule jike kwa dume joto lake linalofuata. Pesa ya huruma na pesa ya biashara kwa M-Pesa yake ni pesa moja. Ukikutana naye, kataa kulipa, piga picha ya gari na namba yake, ripoti. Inauma. Nimeona binamu yangu akilaumiwa na watoto wake mwenyewe na najua inauma.

Uingereza walipitia haya haya na ndio maana natazama walichofanya. Kulikuwa na jike mmoja wa Cavalier King Charles Spaniel aliyeitwa Lucy, aliokolewa 2013 kutoka shamba la kuzalisha mbwa huko Wales alipokuwa hawezi tena kuzaa, mgongo umepinda kwa kukaa kwa kizimba, manyoya yamepotea. Akafa Desemba 2016. Daktari wa mifugo Marc Abraham na wenzake wakapigana mpaka ikawa sheria, na tangu tarehe 6 Aprili 2020 kule England ni marufuku mtu wa kati kuuza mtoto wa mbwa au wa paka aliye chini ya miezi sita, mnunuzi anaenda pale alipozaliwa na anamwona na mama yake. Na breda, yaani mzalishaji wa mbwa, mwenye leseni lazima aweke namba ya leseni kwa tangazo lake. Mwaka 2021 kifungo cha juu cha ukatili kwa wanyama kule kikapanda kutoka miezi sita hadi miaka mitano. Haikumaliza wahalifu, kuna wanaoleta jike mwingine asiye mama na kumweka karibu na watoto ili mteja aridhike, ndio maana nasema muone akinyonyesha, kwa sababu jike asiye na maziwa hawezi kuigiza hiyo. Lakini angalau ukiona tangazo lisilo na namba ya leseni pale una mahali pa kuanzia. Sisi kaunti zina mamlaka ya leseni kwa Katiba na bado mtu anaweza kuuza mbwa thelathini kwa mwaka bila mtu kumuuliza hata jina.

Na kama unasema haya ni mambo ya watu wa Karen wenye mbwa wa kulala kwa sofa, kumbuka kichaa cha mbwa. Nchi imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kwa huo ugonjwa ifikapo 2030, na mtu akishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Chanjo yake mtoto wa mbwa kwa kawaida hupata akifika miezi mitatu. Sasa kadi feki inapomwambia mama wa watoto wanne kwamba huyu ameshadungwa zote, huyo mama hatampeleka tena, na huyo mbwa atakua akicheza na watoto wa ploti nzima bila kinga.

Ripoti yangu ilichukua muda. Nilirudi, nikapiga simu, nikatuma tena, kila mara nikianza na namba ya OB. Mwishowe maafisa walienda. Baadhi ya mbwa walikuwa wameshatolewa kabla, sijui ni nani aliwaambia, baadhi walichukuliwa, na yule German Shepherd wa kucha alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Jamaa alipewa masharti na faili ikabaki wazi. Akaunti moja imerudi na jina jipya, sakafu imepakwa rangi ya kijivu lakini ule ufa karibu na mlango bado unapinda vile vile, nimeshaituma kwa wenye faili na jirani wa gorofani anaendelea kuangalia.

Swali ambalo linafanya watu wengi wasiripoti ni hili: wakichukuliwa, si watauawa tu? Sitakudanganya, wengine wanakuwa wagonjwa kiasi kwamba daktari anaamua kuwapumzisha, na shelta, zile nyumba za kutunzia wanyama, zimejaa. Lakini wanaopona wanafungwa uzazi, wanachanjwa, na wanatafutiwa nyumba. Tatizo ni kwamba kila anayeenda shelta anaulizia mtoto mdogo mweupe, na hawa mama wa miaka mitano, sita, matiti yamelegea, hakuna anayewaulizia. Kwa hivyo kama una kiwanja chenye ukuta, na mtu wa kushinda nyumbani, na hujali mbwa ambaye wiki za kwanza atakuogopa, ukifika pale uliza majike wazima walionao ni wangapi, na uombe uletewe yule amekaa muda mrefu zaidi.